Fundi Povu na Mgongo wa Mama Imelda

Thadeo Mgaya alikuwa na kawaida ya kuliamkia gari kabla ya kuligusa. Alilizunguka mara moja, mikono nyuma, akiinama hapa na pale kama mtu anayemtazama mgonjwa machoni, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Haya bibi, tuambie, wapi panauma?" Wachina wa gereji aliyofanyia kazi, iliyokuwa uchochoroni nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu, mwanzoni walimcheka. Baadaye wakazoea. Hata Luo, mwenye gereji, ambaye wote walimwita laoban kama anavyoitwa kila bosi kule Guangzhou, ilifika siku akaonekana naye anaipapasa boneti kwa upole kabla ya kuifungua.

Waswahili wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini humo, walimpa Thadeo jina la Fundi Povu. Kazi yake kubwa ilikuwa magari yale ya kifahari ambayo hayakalii springi za chuma, yanakalia upepo. Kila gurudumu lina puto lake nene la mpira, na iko pampu ndogo inayoyajaza maputo hayo, ndiyo maana gari la namna hiyo linapita juu ya shimo na aliye ndani asimwage chai. Lakini mpira ni mpira. Ukichakaa unapata vijiufa, upepo unatoka, na gari linalala upande mmoja. Thadeo alikuwa na chupa yake ya maji ya sabuni. Ananyunyiza, anangoja, na pale povu linapochemka anaweka kidole: "Hapa." Ufundi huo aliuanzia Mafinga, akiziba matairi ya malori ya mbao kando ya barabara kuu, karai la maji mbele yake, na siku alipoliona kwa mara ya kwanza puto la gari la kitajiri, aliliona kuwa ni ndugu yake tairi, basi.

Kuja kwake China alikuita mpango wa Mungu. Mwaka 2004 tajiri mmoja wa Dar es Salaam alimtuma kununua vipuri, akampa karatasi yenye namba ya simu ya mwenyeji wake. Simu haikupokelewa. Thadeo akatembea toka stesheni ya treni, begi begani, akajikuta katikati ya majumba ya nguo ya Guangyuan Xilu, wapagazi wanampigia kelele apishe marobota, na kila mlango aliotokea aliuona ni ule ule alioingilia. Alizunguka hivyo toka asubuhi hadi adhuhuri. Ndipo aliposikia nyuma yake sauti ya mwanamke, ya Kiswahili kabisa, yenye Bukoba ndani yake:

"We baba, hii mara ya tatu nakuona unapita hapa. Umepotea au unahesabu nguzo?"

"Nimepotea, mama."

"Umekula?"

"Bado."

"Basi hujapotea, una njaa tu. Njoo."

Huyo ndiye Mama Imelda. Alikuwa na chumba na jiko ghorofa ya sita, Xiaobei, akipikia wafanyabiashara ndizi, maharage, na samaki wa kukaanga. Thadeo alilala sakafuni jikoni kwake majuma mawili, katikati ya magunia ya mchele, mpaka mwenyeji wake alipopatikana. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, mwenye ndevu, lakini tangu siku ile Mama Imelda alimwita mwanangu, naye aliitika. Na tajiri wa Dar es Salaam alipofunga duka lake, ni Mama Imelda aliyemwambia asirudi nyumbani kwa aibu, akamwombea kazi kwa Luo aliyekuwa mteja wake wa samaki. Kila Jumapili mchana walikwenda pamoja kwenye kanisa kuu la mji, linaloitwa Kanisa la Mawe, kusali misa ya Kiingereza, ambayo mama alielewa nusu na Thadeo robo, na wakitoka walielezana.

Sasa, Aprili ya mwaka 2007, mvua zimekazana, ngazi za lile jengo zimelowa, Mama Imelda akateleza na sufuria mkononi. Akaumia pingili mbili za mgongo. Hospitali walimpasua, wakamfanyia wema mwingi, na baada ya majuma sita daktari akasema: anaweza kurudi kwao, atakaa kwenye kiti kilicholala nyuma, amevaa mkanda wake wa kiunoni, ila asitikiswe. Alirudia mara mbili, asitikiswe. Viza ilikuwa inamalizika, ndege ilikuwa ya Jumamosi saa nane mchana, na watoto wake Bukoba walishampangia hospitali ya kuendelea nayo.

Shida ilikuwa barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Gari la wagonjwa lililomrudisha toka hospitali lilikuwa na springi ngumu kama za lori. Safari ile ya dakika ishirini mama alilia njia nzima, na walipomfikisha kitandani hakusema neno mpaka jioni.

"Thadeo," alisema hiyo jioni, "ile barabara ya juu ina viungo vya zege kila hatua. Ta-ta, ta-ta, ta-ta, mpaka mwisho. Mkinipitisha pale na gari kama lile nitakatikia njiani. Niacheni hapa hapa. Nitazikwa na Wachina, nao ni watu wa Mungu."

Walikuwepo wengi chumbani. Ndipo Jules, Mkongo wa Lubumbashi, wakala wa mizigo, ambaye naye alikuwa amekula kwenye lile jiko miaka mitano, akasimama na kujipiga kifua.

"Maman, mi nitakubeba na gari yangu. Ile haiko gari, maman. Ile ni kitanda."

Ni kweli Jules alikuwa na gari la upepo, kubwa, jeusi, alilolinunua likiwa limetumika hotelini kupokea wageni. Mama Imelda akaitikia kwa kichwa. "Kama ni kitanda, nitakwenda," akasema. Kila mtu akamshukuru Mungu kwa ajili ya Jules, na Jules akatoka haraka haraka, kama mtu aliyesahau maji jikoni.

Alhamisi asubuhi gari lile lilifika gereji. Lilikuja limeinama nyuma kulia, madigadi karibu inakaa juu ya tairi.

"Haya bibi," Thadeo alianza.

"Papa Thadeo, usimuulize yeye, uliza mimi," Jules alimkatiza, jasho linamtoka. "Asubui natoka nyumbani iko muzuri, pande zote sawa. Nafika Shahe, kule soko ya nguo, inalala. Kila siku njo vile! Batu banadhani nabeba mawe."

"Na unabeba nini?"

"Marobota mbili tu. Ya jinzi."

"Kwenye gari hili?"

"Kidogo tu, papa! Yanakaa nyuma kama abiria."

Thadeo alicheka, lakini mkono ulikuwa tayari kwenye chupa. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo alipenda kulisimulia mwenyewe hata baadaye. Jules alikuwa amekwisha kuutaja ugonjwa kwa kinywa chake, neno kwa neno, ila masikio ya Fundi Povu yalikuwa ndani ya maji ya sabuni.

Luo alichomeka mashine yake ya kupimia. Mashine ikaandika kwamba nyuma kulia upepo hautoshi. "Unaona, Ta-shifu?" akasema. Shifu ni fundi, na Ta ndicho kipande pekee cha jina la Thadeo alichokiweza. "Puto limekwisha. Nitatafuta jingine, tunabadilisha, kwisha." Kwa mashine hiyo hiyo akalilazimisha puto lijae, gari likanyanyuka, wakazima. Thadeo akaingia chini. Alinyunyiza puto lote, mbele na nyuma. Alinyunyiza mpira wa kupitisha upepo, kiungo kwa kiungo, hadi kwenye vali. Akangoja. Povu lilikaa kimya kama maziwa kwenye bakuli. Akarudia mara ya pili, mara ya tatu, mpaka vidole vikakunjamana. Hakuna hata kipovu kimoja kilichochemka.

"Litakuwa tundu dogo sana," alimwambia Luo. "Tuliache. Asubuhi litajisema lenyewe."

Kabla ya kufunga alipima kwa tepu kila pembe, toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, akaandika kwa chaki sakafuni: mbele sentimita arobaini na moja, arobaini na moja, nyuma thelathini na tisa, thelathini na tisa.

"Kesho utalikuta limelala kama nguruwe," alisema Luo. "Nimepata puto, linakuja mchana."

Jioni ile Thadeo alipita kwa Mama Imelda. Alikuta sufuria zinagawiwa, kila anayeingia anapewa moja.

"Kitanda changu kimetandikwa?" mama aliuliza.

"Kinaendelea vizuri, mama."

"Usinidanganye. Ukidanganya unakuna sikio."

Thadeo akaushusha mkono. "Bado sijaona tatizo," akasema. "Lakini nitaliona."

"Basi sema hivyo. Mimi sitaki kuogopa nikiwa njiani. Kama halifai, niambie mapema nijiandae kubaki." Akamshika mkono, wakasali Baba Yetu pamoja, na safari hii wote wawili walielewa yote.

Ijumaa asubuhi Thadeo alifika wa kwanza, akafungua mlango wa gereji kwa woga. Gari lilikuwa limesimama wima. Akachukua tepu. Nyuma kulia, thelathini na tisa. Akapima tena, thelathini na tisa. Halikushuka hata upana wa ukucha.

"Limepona!" alishangaa Luo alipokuja.

"Gari haliponi kwa kulala, laoban. Hebu liwashe."

Luo akawasha. Pampu ikanguruma kidogo. Dakika moja ikapita, mbili, halafu wote wawili wakasikia nyuma, fyuuu, pumzi ndefu ya kujiachia, na pembe ya kulia ikaanza kushuka taratibu mbele ya macho yao, thelathini na saba, thelathini na tatu, mpaka chini.

Thadeo akachuchumaa pale pale. Maneno ya Jules yakamrudia, yote, kama yamesemwa sasa hivi. Asubuhi iko nzuri. Nafika Shahe, inalala.

"Halivuji," akasema. "Lingekuwa linavuja lingeshuka usiku, wakati pampu imezimwa na hakuna wa kuliongezea. Hili linashuka likiwa limewashwa. Linaachia lenyewe, laoban. Kompyuta inafungua vali na kuutoa upepo kwa makusudi."

Luo alikunja uso. "Kwa nini ijitoe upepo?"

"Kwa sababu inaamini pembe ile iko juu mno. Kuna anayeidanganya."

Luo alikuwa mtu wa njia fupi. Akasema: tujaze kwa mashine, tung'oe fyuzi, kompyuta ilale, kesho mama aende hivyo hivyo. Thadeo hakukataa. Wakajaza, wakang'oa, kisha wakawaita wapagazi watatu waliokuwa wanavuta sigara nje wakae ndani, pamoja na gunia la mchele ndani ya buti badala ya mizigo ya safari. Gari likazama nyuma, na kwa vile kompyuta imelala hakuna aliyeliinua. Luo akaliendesha mpaka mwisho wa uchochoro, juu ya mfuniko wa mtaro. Lilipiga kishindo, mpagazi mmoja akajiuma ulimi na kumtukana Luo mpaka bibi yake.

"Bu xing," Luo alikubali mwenyewe aliporudi. Haifai.

Puto likaletwa mchana, likawekwa pembeni, hakuna aliyelitazama. Thadeo alizima swichi ya upepo kwenye buti, akalipandisha gari kwa jeki, akaweka stendi mbili na magogo mawili chini yake, maana gari la upepo likimwangukia mtu halimpi nafasi ya kupiga kelele. Akajilaza chali na kuingia, safari hii bila chupa. "Bwana," alisema kimoyomoyo, "jana nilikuwa natafuta ninachokijua. Leo nionyeshe kilichopo."

Pembeni mwa kila gurudumu la gari la namna hiyo pana kipimo kidogo cha kimo. Kimefungwa kwenye bodi, kina mkono mfupi, na mkono ule umeunganishwa na chuma cha gurudumu kwa kijifimbo chembamba. Bodi ikipanda, kijifimbo kinauvuta mkono chini. Bodi ikishuka, kinausukuma juu. Hivyo ndivyo kompyuta inavyojua gari liko kimo gani. Thadeo alikitazama cha kushoto: kizima. Akageuza tochi kulia.

Kijifimbo kilikuwa kimevunjika katikati. Na vipande vyake viwili vilikuwa vimeunganishwa kwa mkanda wa plastiki wa manjano, ule ule wa kufungia marobota, umezungushwa mara nane na kukazwa kwa fundo la watu wa kago. Ulikuwa ukikaza kwa ubaridi wa usiku na kulegea mchana, ila sasa joto na mvua vilikwisha kuulegeza kabisa. Mkono wa kipimo ulikuwa unaning'inia chini, kwa hiyo kompyuta iliona gari limepanda mno, ikawa inatoa upepo, inatoa, inatoa, na maskini ilikuwa inatimiza wajibu wake.

Thadeo alicheka peke yake kule chini mpaka Luo akainama kuuliza kama ameumia.

Jules aliitwa, akaja na mkewe Albertine. Thadeo hakumgombeza, alimpa tochi tu. Jules aliingiza kichwa, akakitoa polepole.

"Papa Thadeo, pardon."

"Ni wewe?"

"Ni mi. Kule Shahe toroli ya mupagazi iliingia chini ya gari, tulipoivuta tukasikia ka! Niliangalia, nikaona kijiti kidogo kama ya pipi. Nikasema, hii haiwezi kuwa kitu cha maana kwa gari kubwa vile. Nikafunga. Nilifunga muzuri, papa! Fundo langu linafika Lubumbashi na meli na lori bila kufunguka!"

"Anafunga kila kitu na ule mukanda," Albertine alidakia, mikono kiunoni. "Alifunga mlango ya friji. Alifunga miwani. Mi nikikufa, huyu atanifunga na mukanda ya manjano, ananiandikia namba, ananipeleka kwa kontena!"

Hata Luo, ambaye hakuelewa neno, alicheka kwa kuutazama uso wa Jules.

"Lakini kwa nini hukuniambia jana?" Thadeo aliuliza.

Jules aliinamisha kichwa. "Niliona aibu. Nilisimama mbele ya maman, nikasema gari yangu ni kitanda, na nilijua iko mugonjwa. Huyu mama alinipa chakula wakati mi sina mutu hapa. Nilitaka tu… nilitaka nikuwe na kitu cha kumupa."

Thadeo akamshika bega. "Umempa. Sasa tutafute kijiti."

Kutafuta kijiti ilikuwa kazi nyingine. Walizunguka mtaa wa vipuri duka kwa duka, wameshika vile vipande viwili, na kila dukani jibu lilikuwa lile lile, huku mkono unapungwa kama wa kufukuza nzi: "Mei you." Hakuna. Mmoja aliweza kuagiza kipimo kizima, lakini kingetoka Hong Kong Jumatatu. Jumatatu Mama Imelda angekuwa hana viza wala ndege. Saa tisa walirudi gereji mikono mitupu, Jules anatembea nyuma kama mtu anayetoka mazikoni.

Thadeo aliketi juu ya tairi, akavigeuza vile vipande kiganjani. Kijifimbo chenyewe hakikuwa na maajabu. Chuma chembamba, na kila mwisho kiungo kidogo cha duara kinachozunguka. Alikuwa amekiona mahali. Akafikiri wapi, akafumba macho.

"Laoban," akasema, "ile fimbo inayounganisha kanyagio la gia na injini kwenye pikipiki ina viungo kama hivi. Kila upande."

Mwaka ule jiji lilikuwa limepiga marufuku pikipiki barabarani, tangu mwezi wa kwanza, na watu walikuwa wameziuza kwa kilo kama chuma chakavu. Thadeo alijua, na kila mtu gereji alijua, kwamba pikipiki ya Luo haikuuzwa. Ilikuwa nyuma ya kabati la rangi, imefunikwa turubai, na kila Jumamosi aliifuta vumbi. Ndiyo aliyoanzia maisha, akibebea vipuri kabla hajawa na gereji. Thadeo aliona vibaya kuiomba.

Luo aligeuka akalitazama kabati. "Ni kwa ajili ya yule mama wa samaki?" aliuliza mwishowe.

"Ndiye."

Luo akachukua spana namba kumi, akaenda nyuma, akaondoa turubai. Hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Alifungua nati mbili mwenyewe, akaifuta ile fimbo kwa kitambaa na kuileta kwa mikono miwili, kama wanavyompa mgeni kitu cha heshima. "Ile haiendi popote," alisema. "Huyu anasafiri."

Ilikuwa ndefu mno. Thadeo alipima kijifimbo kizima cha upande wa kushoto, jicho kwa jicho, sentimita tisa na nusu. Akaikata fimbo ya pikipiki, akachonga upya hesi, yale meno ya skrubu, akaikaza mpaka ikalingana na mwenzake, akaipima mara tatu kwa sababu hata nusu sentimita ingeidanganya ile kompyuta upya. Akafunga. Akashusha gari, akarudisha fyuzi na swichi, akawaita wale wapagazi watatu na gunia lao. Yule wa ulimi alikataa, mpaka Jules alipomwahidi soda.

Luo akawasha. Gari lilizama nyuma kwa uzito, likatulia, halafu pampu ikaanza kunguruma. Pembe zote mbili za nyuma zikanyanyuka pamoja, taratibu, kama mtu anayeinuka toka magotini. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa. Wakangoja robo saa. Hakuna fyuuu.

"Bado," alisema Thadeo. Alikilaza kiti cha nyuma, akajinyoosha vile vile atakavyokaa mama, akaweka kiganja chini ya kiuno chake. "Nipitishe barabara ya juu, laoban. Kwa mwendo wa kesho."

Walikwenda na kurudi. Thadeo alikuwa amefumba macho, anahesabu viungo vya zege kwa masikio. Alivisikia kwa mbali, kama mtu anayetembea chumba cha jirani. Mgongoni havikufika. Aliporudi gereji alikuta maji yamemtoka machoni, akamwambia Jules ni vumbi, na Jules, ambaye naye alikuwa na vumbi, akakubali.

Jumamosi walimteremsha Mama Imelda toka ghorofa ya sita wakiwa wanane, kwa kiti, ngazi kwa ngazi, akiwaelekeza kama nahodha: "Polepole wewe wa kushoto, una haraka ya nini, unasafiri wewe?" Walimweka kwenye kiti cha nyuma, mito miwili, shuka moja. Albertine akakaa pembeni yake, amemshika mkono. Jules nyuma ya usukani, amevaa tai. Thadeo mbele, shingo imegeuka nyuma tangu mwanzo.

"Ukisikia maumivu, mama, sema, tunasimama."

"Nitasema. Nitapiga kelele mpaka mnikome."

Walipoikaribia barabara ya juu Mama Imelda alifumba macho, akashika rozari. Thadeo aliona midomo yake inatembea. Kiungo cha kwanza kikapita. Cha pili. Uso wake ulikuwa umekazwa, unangoja. Cha kumi kikapita, cha ishirini. Polepole ule uso ukalegea, midomo ikasimama, kichwa kikaegemea mto. Thadeo aliogopa, akamwangalia Albertine. Albertine akaweka kidole mdomoni.

Alikuwa amelala.

Jules akapunguza mwendo. Aliendesha kama amebeba bakuli la mafuta, na magari mengine yalimpita yanapiga honi, naye anayaacha. Walifika uwanja wa ndege, wakasimama mbele ya mlango, kiti cha magurudumu kikaletwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha. Wakakaa hivyo dakika tano, injini inanguruma kidogo. Tangu Aprili mama hakuwahi kulala nusu saa bila kidonge. Thadeo aligeukia dirisha, akamshukuru Mungu kwa ajili ya Jules na aibu yake, na kwa ajili ya Luo, akamwombea Luo kwa jina, ingawa hakujua kama Luo anasali.

Mama Imelda akafumbua macho.

"Mnangoja nini?" akasema. "Si muondoke, tutachelewa ndege."

"Maman, tumefika," alisema Albertine.

"Tumefika wapi?"

"Aeroport, maman."

Alitazama nje, akayaona masanduku na watu, akamtazama Thadeo kama anayetaka shahidi. Thadeo akaitikia kwa kichwa. Mama alijigusa mgongo taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyelala. Halafu akamgeukia Jules kwa ukali.

"Na hamkuniamsha! Nimekaa mji huu miaka minane, nimeondoka bila kuuaga!"

"Maman," Jules alijibu, machozi yanamtiririka kwenye tai, "tukurudishe tuuage?"

Mama Imelda alianza kucheka, akajishika mkanda wa kiunoni kwa mikono miwili asicheke sana.

"Wee, mwana mbaya! Nisukumeni ndani," akasema, "ndege isiniache."